Fundi Aliyepiga Kware Pasi

Mkasi wake ulikuwa mmoja. Naanza na hapo kwa sababu watu wakimkumbuka wanasemanga alikuwa na mikasi miwili, mmoja wa nguo na mwingine wa ndege, na wanasema hivyo kwa kumheshimu. Mimi niliuza mandazi hatua tano kutoka kwa veranda yake hapo Lubao kwa zaidi ya miaka kumi, na niliona mkasi mmoja tu. Ulikuwa mweusi, mzito, tundu la kidole gumba limezungushiwa kitambaa chekundu. Asubuhi ulikata suruali. Mchana ulikata kware. Katikati ulioshwa, na hilo nataka liandikwe pia: ulioshwa kwa maji moto na sabuni ya kipande, kila siku, mbele ya watu.

Tulimwita Fundi. Jina lake nalijua, lakini hapa halina kazi. Alizaliwa wapi na nani sitaandika, kwa sababu sijui vizuri, na si haki kubahatisha mambo ya mama ya mtu.

Kware waliingia nyumbani kwake ule msimu ambao kila mtu alifuga kware. Kama ulikuwa sehemu hizi unakumbuka. Ilisemekana yai la kware linatibu presha, sukari, pumu na uvivu. Watu walitoa mbuzi kwa zizi wakaweka kware. Halafu, kama vile mtu amezima redio, hakuna aliyetaka yai tena. Fundi akabaki na ndege ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Walikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, kwa droo ya cherehani pale pa kuweka bobini. Mke wake alivumilia. Nasema alivumilia kwa sababu nilikuwa jirani na nilisikia alivyokuwa akivumilia, kwa sauti. Siku alipopata kware amekalia kofia yake ya kanisani, na yai ndani ya kofia, alikunja nguo zake akarudi kwao Matete. Alipitia kwangu akaacha ujumbe.

"Mwambie ndege wakiisha, nitakuja."

Nilimwambia Fundi. Alikuwa anashona pindo, akamaliza pindo kwanza. Kisha akasema, "Basi wataisha." Jioni hiyo hiyo alileta nusu ya dramu, akaiwekea makaa na wavu, na hivyo ndivyo uchomaji ulivyoanza. Hakuwa anatafuta jina. Alikuwa anamtafuta mke wake.

Shida ni kwamba alichoma vizuri.

Sijui kuandika juu ya kazi ya mikono, mikono hainiambii siri zake. Lakini nilimtazama mara nyingi, nitajaribu. Kware akishachinjwa na kunyonyolewa ni kitu kidogo, kinajikunja kama ngumi ya mtoto. Ukimweka motoni mzima, kifua kinakauka na mapaja hayajaiva. Fundi alimlaza kifua chini juu ya meza ya kukatia nguo, kwa kipande cha gunia safi. Alipitisha mkasi upande mmoja wa uti wa mgongo, kutoka mkiani mpaka shingoni, kish kish kish, kisha upande wa pili. Mgongo ukatoka wote kama zipu mbovu. Halafu alimfungua kwa vidole gumba, akampindua, akakandamiza kifua kwa kiganja mpaka ukasikia kafupa ka katikati kakilia. Ndege akalala bapa.

"Mgongo ni mshono," alisema. "Fungua mshono, nguo italala."

Alikuwa hajamaliza. Alitoboa ngozi chini ya tumbo, tundu moja kila upande, akapitisha miguu humo ndani. "Kifungo na tundu," alisema. "Bila kifungo ataachama motoni kama mlevi." Akapaka ndimu, chumvi na pilipili iliyotwangwa. Na motoni aliwekwa upande wa mifupa kwanza, ngozi juu. Ukimuuliza kwa nini, alikuangalia kwa huruma. "Shati jeusi unalipiga pasi upande gani kwanza?" Ndani. "Basi."

Mtu akija mbio, labda dereva wa boda, "Fundi, nikatie ndege mbili haraka," alijibiwa, "Haraka iko kwa mitumba." Na mtu alisubiri. Niliona hata askari akisubiri.

Sasa pasi. Fundi alikuwa na pasi ya makaa, ile ya chuma yenye jogoo mbele ya kufungia kifuniko. Aliona ndege wanajaribu kujikunja tena juu ya wavu, na watu wengine wangetafuta jiwe. Yeye alichukua pasi. Iliwakandamiza ndege, na kwa vile ilikuwa na moto ndani iliwaivisha juu na chini pamoja. Aliwapiga kware pasi kwa dakika chache, polepole, akiinua na kushusha, na alipofika kwenye mabawa alizunguka kwa ncha, kama kola.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama yeye hataupenda. Pasi nayo ilikuwa moja.

Aliifuta kwa jani la mgomba. Aliifuta vizuri. Lakini chuma kina kumbukumbu. Mchungaji wa kanisa la hapo nyuma alileta suruali yake nyeusi ipigwe pasi, na alikuja kuichukua siku ya soko la mbwa. Kama hujafika Lubao siku hiyo, ni hivi: mbwa wanaletwa kutoka kila upande wakiwa na kamba shingoni, wanauzwa, wananunuliwa, wanarudishwa. Mchungaji alivaa suruali pale pale nyuma ya pazia la Fundi kwa sababu alikuwa na mazishi, akakata njia katikati ya soko. Mimi nilikuwa nakaanga. Nilisikia kelele nikainua kichwa. Mchungaji alikuwa anatembea kwa heshima zake, Biblia kwapani, na nyuma yake mbwa, na nyuma ya kila mbwa mwenye mbwa akivutwa na kamba. Alipoongeza mwendo, wakaongeza. Mama mmoja alivua kilemba akidhani ni maandamano ya mazishi.

Alirudi kesho yake na hasira ya kikristo.

"Fundi, umenifanyia nini? Nilipiga magoti kaburini kuomba, mbwa watatu wakapiga magoti na mimi!"

"Pole, Mchungaji. Suruali ilikunjamana?"

"Haikukunjamana."

"Mstari ulikaa?"

Mchungaji alifikiria. Naye ni mtu wa haki. "Mstari ulikaa."

"Basi tusilaumu pasi."

Na Mchungaji alikula ndege wawili siku hiyo, akasimama, akaondoka kwa njia ya nyuma.

Nimesema alichoma vizuri na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa shida. Watu wengine wote waliobaki na kware wasiotakikana walisikia kuna fundi Lubao anayewamaliza. Wakaleta. Walikuja kutoka Navakholo na maboksi nyuma ya pikipiki, kware wakichungulia matundu. Fundi hakuweza kukataa ndege. Aliwamaliza kumi, wakaletwa ishirini. Siku moja, na hii niliiona kwa macho yangu, alichoma kware wake wa mwisho kabisa. Nyumba ilikuwa tupu. Alikuwa amefagia hata droo. Nilifikiri sasa atapanda gari aende Matete. Kumbe kulikuwa na walimu wanne wameketi kwa benchi, wametoka mbali, wanangoja ndege. Fundi akawaangalia, akaangalia barabara, akaangalia walimu. Akaenda kununua kware.

"Fundi," nikamwambia, "si ulisema wataisha?"

"Wataisha, jirani. Lakini hawa wameshaketi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa anamtaka mke wake kuliko kitu chochote, hilo siwezi kulikana. Alibaki analalia upande wake wa kitanda tu, upande ule mwingine ulitandikwa kila asubuhi kana kwamba mtu amelala. Na wakati huo huo hakuweza kumwacha mteja asimame bila kupimwa. Alipimanga ndege. Nimesahau kusema. Alikuwa na tepu shingoni, na kabla ya kukata alimpima kware kifua, akaandika kwa chaki juu ya meza. Sikuwahi kujua vipimo vilikuwa vya nini. Niliwahi kumuuliza. Alisema, "Mtu akija kulalamika kuwa ndege ni ndogo, nitamwonyesha."

Kuku alikataa kuchoma. "Kuku ni koti," alisema. "Mimi nashona shati." Alipiga kelele juu ya usafi na hakuchana nywele. Alidai hapendi watu wa porojo, na mkasi ulikata polepole ukiwa hauna hadithi. Na jambo moja lililonisumbua: sikumwona akila ndege hata siku moja. Alikula mandazi yangu na chai. Migongo yote iliyotoka aliitupa kwa sufuria moja kubwa nyuma ya nyumba, ikachemka mpaka jioni, supu akawapa watu wenye kikohozi.

Baada ya mwaka na miezi, Matete walituma ujumbe. Uliletwa na mtu wa kuuza vitunguu, aliusema mbele ya wateja wote. "Mzee anasema Jumamosi wanakuja kuona kama mtoto wao aliolewa na mtu ama na kiota. Wakiona mtu, atarudi. Wakiona kiota, mambo yaishe."

Fundi aliweka mkasi chini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona mkono wake hauna kitu.

Alikuja kwangu jioni. "Jirani, Jumamosi utanisongea obusuma, ule ugali wetu. Mimi nitawachomea."

"Utawachomea nini?"

"Kware."

"Wakwe, Fundi? Wakwe wanachinjiwa jogoo!"

"Nikiwachinjia jogoo nimekubali kware ni aibu. Aliondoka kwa sababu ya kware. Kware ndiye atamrudisha."

Nilijaribu kumweleza. Naye anajua, ni wa huku huku, lakini mtu akiwa na mapenzi husahau. Kwetu mkwe akiketi mezani anahesabu. Imondo, ile firigisi, ni ya mzee. Baada ya hapo mapaja, mabawa, kifua, shingo, mgongo. Kila kipande lazima kionekane kwa bakuli, hata kama hakitaliwa, kwa sababu kipande kikikosa ni kumwambia mgeni kuwa ameletewa mabaki ya mtu mwingine. Ndoa zimevunjika kwa bawa moja. Sijaona, lakini nimesikia kwa watu wawili tofauti.

"Na wewe ndege wako hana mgongo," nikasema.

"Migongo itakuwa kwa bakuli lake. Sita, kwa supu. Wataiona." Alikuwa amefikiria kila kitu. "Chuja supu, jirani, migongo irudishe juu. Ni hiyo tu."

Ilikuwa ni hiyo tu. Sasa nifike kwa kosa.

Jumamosi walikuja wawili: mzee, ambaye ni baba mkubwa wa yule mke, na shangazi yake, senge kama tunavyosema. Mama mkwe hakuja, haingewezekana, mama mkwe haketi kwa nyumba ya mkwe wake hivyo. Mzee alikuwa na kofia na bakora na miwani ndani ya soksi. Senge alikuwa mwembamba, wa miaka mingi, akachagua kiti karibu na mlango na baada ya salamu hakusema neno. Fundi alikuwa amewatoa kware wote nje, amepiga nyumba pasi, nusura niseme. Hata pazia lilikuwa na mstari.

Mimi nilikuwa mlango wa nyuma na sufuria. Ugali ulikuwa tayari. Nikachukua chujio, nikachuja supu kwa bakuli, na mifupa iliyobaki kwa chujio nikaigonga ukutani, tap tap, ikaanguka nje. Mkono wangu ulifanya unavyofanyanga kila siku nyumbani kwangu. Sikuwa nafikiria chochote, na hiyo ndiyo shida yake. Nilipokumbuka, kulikuwa na mbwa wa kahawia pale, sijui wa nani. Alikuwa anameza mgongo wa sita. Aliniangalia kwa shukrani.

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikuwa na mdomo. Nilibeba supu nikaingia.

Kwa meza kulikuwa na kware sita kwa sinia, bapa, wekundu, miguu ndani ya matundu yake kama watoto wamefunga mikono wakiomba. Mzee alivaa miwani. Aliwatazama sana.

"Walikanyagwa na gari?"

"Hapana, baba. Niliwafungua."

"Imondo iko wapi?"

Fundi akainua spoki ya baiskeli, imondo sita zimechomekwa, kila moja kama punje ya maharagwe. Mzee akaisogeza karibu na pua.

"Hizi ni imondo ama ni vifungo?"

"Ni imondo, baba. Ndege ni mdogo."

Mzee alizila zote sita kwa mara moja, akafunga macho, akangoja. "Sijasikia kitu," akasema. Lakini alikuwa mtu wa haki, imondo zilikuwepo, akaendelea. Akahesabu kwa kidole. Mapaja. Mabawa. Kifua. Shingo akaiona. Akampindua ndege mmoja kwa ncha ya kidole, akaangalia chini yake. Akampindua wa pili.

"Mgongo."

Fundi akageuka kwangu. Mimi niliweka bakuli la supu mezani. Supu ilikuwa safi kama chai. Aliangalia ndani ya bakuli, akaniangalia mimi, mimi nikaangalia miguu yangu. Hiyo ilichukua muda mfupi sana, na bado haijaisha.

"Migongo niliitoa mimi, baba," Fundi akasema. "Ndivyo ninavyokatanga."

"Nimeona umetoa. Nauliza iko wapi."

"Haiko."

"Ndege sita wamefika mbele ya wakwe, hakuna hata mmoja mwenye mgongo. Walikuwa wanasimama na nini? Walikuwa wanaegemea ukuta?" Mzee alichukua kofia yake. "Mtu anayepoteza migongo sita kwa nyumba ya vyumba viwili, mtoto wetu atampoteza wapi? Senge, twende."

Nilijua nikisema sasa, "Ni mimi, ni mbwa," kila kitu kingebadilika. Nilifungua mdomo. Naandika hapa kwamba nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Fundi alikuwa amesimama pale na tepu shingoni, anashika ncha zake mbili, kama mtu anapima kifua chake mwenyewe.

Senge hakusimama.

"Keti," akamwambia mzee.

"Umeona hiyo sinia?"

"Nimeona. Keti nikuulize. Kuku ikikatwa kwako, mgongo unapewanga nani?"

Mzee alikohoa. "Hiyo ni mambo ya jikoni."

"Unapewanga nani?"

"Wanawake," akasema mzee.

"Eh. Nilipokuwa msichana tulikatazwa kuku kabisa. Tuliambiwa tukila tutaanza kuparura uwanja. Tukakaa hivyo. Halafu siku moja mkatuachilia, na mlipotuachilia mlituachilia mgongo. Tangu hiyo siku nanyonya mgongo. Nimenyonya kwa harusi, nimenyonya Krismasi. Sasa kama kuna kitu kimeibiwa kwa hii sinia, kimeibiwa mimi. Wewe unalia kwa nini? Mapaja yako si haya?"

Mzee akafungua mdomo kama mimi nilivyofungua.

"Na mimi mwenyewe," senge akasema, "sijalalamika. Fundi, fungu langu haliko. Kwa hivyo nipe paja."

Fundi alimpa paja. Kisha akampa na ndege mzima. Senge alikula bila haraka. Hakuwa na meno mengi, na ule ndege hakuwa na mgongo wa kumsumbua, nyama ilitoka kama kitambaa kinatoka kwa kadibodi. Alimaliza, akavuta wa pili. Tulimtazama sote watatu. Mzee alikuwa bado na kofia mkononi.

"Amelala vizuri," senge akasema mwishowe.

"Nani?"

"Ndege. Ketini mle, ugali unapoa." Akafuta vidole. "Nyumba isiyo na mgongo, mwanamke atakula nyama. Msichana arudi. Lakini ndege wasilale kwa kofia."

Mke wa Fundi alirudi baada ya wiki mbili, na masharti: kware nje, pasi mbili. Pasi ya pili aliibeba yeye mwenyewe kutoka kwao. Aliushika mkasi pia, na kwa haki nitasema alikuja kukata haraka kuliko bwana yake, bila kupima. Na habari ya senge ilisambaa. Wanawake walianza kuja Lubao kwa vikundi, wa chama, wa kwaya, wanaketi kwa benchi wanaitisha mapaja. Wanaume wengine walikasirika, wakasema ni ndege wa kuharibu nyumba. Walikula wakisema hivyo.

Fundi naye, baada ya miezi michache, akaanza kuwaambia wateja kwamba alifikiria hivyo tangu mwanzo. Kwamba aliwaondolea wakwe mgongo makusudi, kwa ajili ya akina mama. Alisema hata mbele yangu, akiwa ananitazama usoni. Sikumsahihisha. Kumsahihisha kungehitaji nimtaje mbwa.

Niliacha mandazi magoti yaliposhindwa, nikaenda Navakholo kukaa kwa ndugu yangu. Mwaka huu, mvua zilipopungua, nilipita Lubao kumwona. Nilimkuta peke yake kwa veranda. Mke wake alikuwa ameenda Matete, senge amefariki, matanga yalikuwa yanaendelea. Yeye miguu ilikataa safari. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mikono yake inatetemeka sasa wakati wote, si kwa hofu, na macho yamekuwa na ukungu. Kwa meza kulikuwa na kware mmoja, amenyonyolewa, juu ya gunia safi, na mkasi kando yake.

"Nilitaka nimchomee senge mmoja," akasema. "Lakini mkasi unakata kule unakotaka wenyewe. Nikatie, jirani."

"Mimi? Sijawahi."

"Umeangalia miaka mingapi?"

Nilichukua mkasi. Kile kitambaa chekundu kilikuwa bado kipo. Nilimlaza ndege, nikaingiza ncha, nikakata kish kish kish, nikiwa na furaha kidogo, nikamfungua kwa vidole gumba. Fundi alimsogeza karibu na macho yake. Akamgusa kwa kidole.

"Umefungua kifua," akasema.

Kweli. Nilikuwa nimemlaza chali. Mgongo ulikuwa pale pale, mzima, na kifua kimekatika katikati kama koti halina vifungo.

Sijui ni aibu hiyo ama ni habari ya senge. Nilisema yote. Chujio, ukuta, tap tap, mbwa wa kahawia. Nilisema kwamba nilikuwa na mdomo. Nilisema nimebeba hilo mpaka Navakholo na kurudi.

"Nilijua," Fundi akasema.

"Ulijua lini?"

"Kesho yake. Yule mbwa alikuja akaketi hapa mlangoni wiki nzima. Mbwa haji kwa fundi wa nguo bure."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungeniomba msamaha. Halafu ningelazimika kusema mke wangu alirudishwa na mbwa." Akanyoosha mkono. "Nipe sindano. Iko kwa kola ya shati langu. Tia uzi, mimi tundu silioni. Wa pamba, nailoni inayeyuka."

Nikatia uzi. Akanielekeza, na mimi nikashona kifua cha yule kware, mishono saba, akiihesabu kwa kidole na kusema miwili ni mibaya. Kisha tukamgeuza, na safari hii alishika mkono wangu juu ya mkasi, mkono wake ukitetemeka juu ya wangu mpaka wa kwangu pia ukatetemeka, tukafungua mgongo pamoja. Ulitoka umepinda lakini wote. Nikatoboa matundu, nikapitisha miguu. Nikaweka wavuni, upande wa ndani kwanza, na pasi juu yake. Nilimuuliza hiyo ni ipi kati ya zile mbili. Alisema hakumbuki.

Ndege alipoiva nilimkata mara mbili kwa sahani. Mgongo nao niliuchoma pembeni, na nilikuwa nimeuweka upande wangu wa sahani, bila kufikiria, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Fundi alipapasa sahani mpaka akaupata. Akauvuta kwake, akanisukumia mapaja yote mawili.

Aliutafuna polepole kwa meno ya upande mmoja, kichwa kimeinama kama anasikiliza.

"Kumbe si mbaya," akasema.

Mimi nilitoa uzi kwa kifua, nikala.